Usichomeke hedifoni kwenye ampi ya spika

Wiki hii tumepokea bodi tatu za ampi (kikuza sauti) zenye chipu ya PAM8403, zote zimekufa kifo kimoja. Ni kile kibodi kidogo cha volti 5 ambacho wengi mnakinunua kufufua spika za kompyuta. Wenyewe hawakukosea chanya na hasi. Walifunga tu jeki ya hedifoni pale panapokaa spika.

Itazame pini ya hedifoni. Ina vipande vya chuma vilivyotengwa na vimstari: ncha ni ya sikio la kushoto, kinachofuata ni la kulia, na kuna kimoja kinachotumiwa na masikio yote mawili. Hicho cha pamoja ndicho kinacholeta balaa, kwa sababu PAM8403 haina hasi ya spika, hata kama bodi imeandikwa alama ya hasi (-). Kila spika inapewa waya mbili na zote zinafanya kazi: moja ikipanda, mwenzake anashuka. Ukitaka kuhakikisha, washa bodi bila muziki, weka waya mweusi wa mita ya kupimia volti kwenye hasi ya umeme na mwekundu kwenye hiyo "hasi" ya spika. Utasoma kama volti 2.5. Hasi ya kweli ingesoma sifuri. Basi ukizikutanisha hizo "hasi" za kushoto na kulia kwenye chuma kimoja, umezipiga shoti. Karatasi ya kiwanda inasema chipu ina kinga ya shoti. Kwa bodi za bei ya chini sisi hatuiamini kinga hiyo.

Chipu yenyewe hatuilaumu. Ampi za zamani, tuseme za TDA2030, zinahitaji bati la kupozea kwa sababu umeme mwingi unaishia kuwa joto. PAM8403 inawasha na kuzima umeme zaidi ya mara 200,000 kwa sekunde, spika inalainisha mapigo hayo yawe sauti, na zaidi ya 80% ya umeme inafika kwenye spika. Ndiyo maana haina bati. Zile wati 3 kila upande zinazotajwa kwa chipu hii, hata hivyo, ni kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani), na kwa kiwango ambacho sauti imeshaanza kukwaruza. Ukifunga ya omu 8 unapata karibu nusu.

Wengine wanalalamika kwamba besi ikipiga, sauti inakatika. Mara nyingi ni umeme: tundu la USB 2.0 la kompyuta limepangiwa miliampea 500, yaani wati 2.5, na bodi ikifunguliwa sauti yote inataka zaidi ya mara mbili ya hapo. Tumia chaja ya simu ya volti 5, ampea 2. Ya volti 9 au 12 usijaribu, mwisho wa chipu hii ni 5.5.

Kwa hedifoni tunafunga chipu nyingine, TPA6132A2 ya Texas Instruments. Inatoa miliwati 25 tu kila upande, na kwa hedifoni nyingi hizo zinatosha kabisa. Yenyewe inajitengenezea ndani volti hasi, yaani chini ya sifuri, kwa hiyo kile chuma cha pamoja kinakaa kwenye sifuri halisi.

Ukija dukani, njoo na spika zako na chaja unayotumia, siyo bodi peke yake. Kupima ni bure.