Kwa Mama Ilham, kabla ya operesheni

Shoga yangu, pole sana. Nimeisoma meseji yako kwamba Ilham ana kichwa maji, yaani maji yanajaa kwenye ubongo, na atawekewa mrija wa kuyatoa, nikaona majibu ya mistari miwili hayatoshi, bora nikuandikie kabisa maana mwanangu ana huo huo mrija na hayo maswali yanayokunyima usingizi nayajua.

Kwanza hakuna ulichomkosea mtoto. Hayo maji kila mtu anayo, ubongo wa mtu mzima unatengeneza karibu nusu lita kila siku halafu yanarudi kwenye damu, sasa kwa Ilham njia imeziba ndo yanajaa humo ndani, na kwa vile fuvu lake bado halijaungana kichwa kinatanuka na utosi unavimba. Watu wakikwambia subiri kitapungua chenyewe usiwasikilize, ubongo unazidi kubanwa.

Madaktari wataingiza mrija, ndo huo wanaita shanti, mpaka kwenye maji ya ubongo, kuna vali inakaa chini ya ngozi ya kichwa, mara nyingi nyuma ya sikio, presha ikipanda inafunguka, halafu mrija unashuka chini ya ngozi shingoni, kifuani, hadi tumboni na huko maji yanafyonzwa. Wangu ukimpapasa shingoni unausikia kabisa kwenye kidole. Tumboni wanaacha mrija wa ziada ili akirefuka usimvute, yaani walivyoniambia hilo nilipumua. Na ujue mmoja wa waliotengeneza hizo vali miaka ya 1950, John Holter wa Marekani, alikuwa fundi tu wa mashine ambaye mwanae alizaliwa na shida hiyo hiyo, mzazi kama sisi.

Sasa hapa ndo nataka unisikie vizuri mamii. Operesheni ikiisha kazi haijaisha, shanti zinaziba, kwa watoto karibu nusu zinasumbua ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Akianza kutapika tapika, analala mno mpaka kumwamsha shida, utosi umekaza hata akiwa ametulia umempakata wima, macho yanaangalia chini tu kama hawezi kuyainua, mkimbize hospitali usiku huo huo. Homa au wekundu kando ya mrija pia usisubiri, hasa miezi ya mwanzo. Wangu alivyokataa nyonyo na kulegea tuliambiwa ni homa ya kawaida turudi nyumbani, nikagoma kutoka mpaka apigwe picha ya kichwa, wakakuta mrija umeziba huko juu wakaubadilisha. Wewe ndo unamjua mwanao, ng'ang'ana tu hata wakikuona msumbufu.

Muulize daktari pia kama anafaa ile operesheni ya kamera wanayotoboa njia ya maji humo humo kwenye ubongo bila mrija, si kila mtoto inamfaa ila kuuliza muhimu. Wakiweka shanti, aina ya vali iandikwe kwenye kadi yake, maana nyingine zinarekebishwa kwa sumaku na akija kupigwa MRI, ile picha inayotumia sumaku kali, lazima wajue.

Akiingia tu theatre nitumie meseji, saa yoyote, simu sizimi.

Mama Farhan