Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: turudishieni njia ya kwenda Mahakama ya Afrika

Mheshimiwa Waziri,

Tanzania ilipotoa tamko mwaka 2010 kuruhusu wananchi na asasi kufungua mashauri wenyewe katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliweka sharti: mtu amalize kwanza njia zote za kisheria za ndani. Novemba 2019 Serikali ikaliondoa tamko hilo, ikieleza kwamba limetekelezwa kinyume na masharti yake. Uamuzi huo ulianza kutumika mwaka mmoja baadaye, na tangu Novemba 2020 mlango umefungwa.

Naomba tuliangalie sharti hilo kwa mfungwa mmoja aliyehukumiwa miaka 30 mwaka 1998 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, bila wakili. Alishindwa Mahakama Kuu. Akapanda Mahakama ya Rufani, nayo ikaitupa rufaa yake mwaka 2009. Alipofika Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, upande wa Serikali ukasema bado hajamaliza: angeomba Mahakama ya Rufani ipitie upya hukumu yake, na angefungua kesi ya kikatiba. Novemba 2015 majaji walijibu kwamba hizo si ngazi za kawaida, hakulazimika kuzipitia. Wakaona haki yake ya kusikilizwa imevunjwa. Hata hivyo hawakuamuru aachiwe.

Mheshimiwa, miaka 11 ya rufaa haijatosha?

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Mama mmoja niliyemsaidia aliuza mbuzi wake wawili apate nauli ya kufuatilia nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi ya mwanawe. Kila akifika anaambiwa arudi wiki ijayo. Bila karatasi hizo rufaa haisogei, na kijana yuko ndani. Ukimwambia mama huyo kwamba baada ya Mahakama ya Rufani kuna njia nyingine mbili za kumaliza, atakuuliza nauli ataitoa wapi. Ndiyo maana Ibara ya 56(5) ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayodai njia za ndani zimalizwe, inamwondolea mtu wajibu huo pale zinapocheleweshwa kupita kiasi.

Wapo wanaotuelekeza Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo haidai njia za ndani. Lakini inatoa miezi miwili tu tangu jambo litokee au mlalamikaji alijue. Mfungwa atawahi vipi?

Sharti la njia za ndani linailinda nchi yetu, kwa kuwa linaipa nafasi ya kwanza ya kusahihisha kosa lake. Mimi nalikubali kwa moyo wote. Kama Serikali iliona majaji wanalilegeza, ilikuwa na haki ya kubishana nao shauri kwa shauri, mbele ya mahakama iliyo katika ardhi yetu. Badala yake aliyeondolewa ni mwananchi.

Naomba tamko lirudishwe, hata kwa sharti lilelile la mwaka 2010. Na kabla ya hapo, jambo lisilohitaji itifaki yoyote: mfungwa apewe nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi yake mapema, bila ndugu zake kuuza mifugo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msaidizi wa kisheria