Barafu Imeyeyuka, Hamira Haijafa: Kuagiza Hamira ya Maji kwa Posta Wakati wa Joto

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba, wakati joto la Houston halipungui hata jua likishazama, dukani kwetu, tunakouza mahitaji ya kupikia bia nyumbani, huingia ujumbe wa aina moja karibu kila wiki. Mteja anaeleza kwamba mzigo umefika, ameufungua, barafu yote imekuwa maji, kifuko cha hamira ya maji, yaani hamira hai iliyo katika majimaji, kina uvuguvugu, na kwa hiyo anaomba arudishiwe pesa kwa kuwa hamira imeshakufa. Hatumlaumu anayeandika hivyo, kwa sababu amelipia hamira, amelipia barafu na amelipia usafirishaji, na kitu alichokishika mkononi hakifanani na kitu kilichotoka kwenye jokofu. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya malalamiko hayo hamira ilikuwa imechoka tu, na tulipomwomba mteja aijaribu kwanza katika maji kidogo ya kimea kabla ya kuitupa, alituandikia siku mbili baadaye kwamba chupa imejaa povu.

Tumeona ni vyema tueleze jambo hili kwa urefu, kwa Kiswahili, kwa sababu wateja wetu wengi walianza kupika bia nyumbani wakiwa huku Marekani, na maelezo yaliyochapishwa juu ya vifuko ni mafupi mno.

Kifuko cha kawaida cha hamira ya maji kutoka maabara kama Wyeast ya jimbo la Oregon huwa na takriban seli bilioni 100 zilizo hai siku kinapofungwa, na baadhi ya watengenezaji hutia bilioni 200. Seli hizo zote zimekuzwa kutokana na aina moja iliyochaguliwa na kutengwa, kazi ambayo Emil Christian Hansen aliifanikisha kwa hamira ya bia katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen mwaka 1883. Ndiyo maana mtu anayetaka bia ya ngano ya Bavaria, ile yenye harufu ya ndizi mbivu na karafuu, anaweza kuagiza hamira ya bia hiyo peke yake na harufu hiyo akaipata bila kutia ndizi wala karafuu. Uchaguzi huo mpana ndio unaowafanya watu wavumilie usumbufu wa hamira ya maji, kwani hamira kavu, pamoja na uzuri wake wote, haipatikani kwa aina nyingi kiasi hicho.

Tofauti kati ya hizi mbili ni kwamba hamira kavu imelazwa usingizi. Kabla ya kukaushwa, seli zake hujazwa akiba ya sukari iitwayo trehalosi, ambayo huzilinda maji yanapoondoka, na zikishakauka hubaki kimya zikisubiri. Waliokulia katika nyumba zinazopika muratina wanalijua jambo hili bila kufundishwa, kwa sababu tunda la mwegea likitolewa mtungini huanikwa juani, huhifadhiwa, na siku likirudishwa katika maji ya asali au ya miwa uchachu unaanza upya, kwa kuwa hamira ilikuwa imelala ndani ya nyuzi za tunda lenyewe. Hamira ya maji, kwa upande wake, iko macho. Inaendelea kuishi polepole ndani ya kifuko kisicho na chakula cha kutosha, ikitumia akiba iliyojiwekea mwilini, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyoila akiba hiyo haraka. Akiba ikiisha, seli hudhoofika, kisha hufa, na zilizokufa hupasuka na kumwaga yaliyomo ndani yake katika majimaji yanayozunguka zile zilizobaki.

Kwa hiyo hata kifuko kilichotunzwa vizuri kwenye jokofu kinapungua nguvu. Kadirio ambalo wapikaji wa nyumbani wamelitumia kwa miaka mingi ni kwamba takriban asilimia 20 ya seli zilizopo hufa kila mwezi, ingawa vifungashio vya siku hizi vimeboreshwa na huenda kadirio hilo ni kali kupita kiasi kwa baadhi yake. Tukilichukua jinsi lilivyo, kifuko cha seli bilioni 100 kitakuwa na bilioni 80 baada ya mwezi mmoja na bilioni 64 baada ya miezi miwili. Sasa linganisha na mahitaji. Kiwango kinachokubalika kwa bia za aina ya eli ni seli 750,000 kwa kila mililita kwa kila nyuzi ya Plato, kipimo cha wingi wa sukari katika maji ya kimea, na laga, bia inayochachushwa kwenye ubaridi, huhitaji mara mbili yake. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya kimea ya nyuzi 12, ambayo hidromita, kile kifaa cha kupimia sukari iliyomo, itayasoma kuwa 1.048, inahitaji seli bilioni 180 kwa eli. Utaona mara moja kwamba kifuko cha bilioni 100, hata kingekuwa kimetoka maabara asubuhi ya leo, hakifiki. Mteja anayelalamika kwamba bia yake ilichukua siku tatu bila kuonyesha dalili yoyote mara nyingi anadhani joto la njiani ndilo lililomponza, ilhali hesabu ilikuwa imeshamkataa kabla mzigo haujapakiwa.

Hatusemi kwamba joto halina neno. Siku mbili au tatu ndani ya gari la posta wakati wa kiangazi huila sehemu ya seli, na pakiti ya barafu tunayoiweka haikutengenezwa kudumu siku tatu. Kazi yake ni kuivusha hamira saa zile za mwanzo na kupunguza makali ya kupanda kwa joto, na kuikuta imeyeyuka ni jambo la kutarajiwa. Joto linaloua ni lile la nyuzi 40 za Selisiasi na zaidi likiendelea kwa saa nyingi, na joto la namna hiyo halipatikani sana ndani ya kifurushi kilicho katikati ya vifurushi vingine. Linapatikana katika sanduku la barua la bati lililosimama kando ya barabara likiangalia jua la saa tisa alasiri, wakati mwenye nyumba yuko kazini hadi saa moja usiku. Tukiombwa kutaja mahali ambapo hamira nyingi hufia katika safari yake yote, tungelitaja sanduku hilo bila kusita.

Kutokana na hayo, tumejiwekea utaratibu ambao baadhi ya wateja wanaona kama uzembe. Hamira ya maji tunaituma Jumatatu, Jumanne na, kwa walio karibu, Jumatano. Aliyeagiza Alhamisi atasubiri hadi Jumatatu inayofuata, kwa sababu tukiituma Ijumaa italala katika ghala la kuchambulia mizigo mwisho wote wa juma, na ghala hilo halina kiyoyozi cha kumjali mtu. Wiki ya Memorial Day na ile ya Labor Day, ambazo sikukuu zake huangukia Jumatatu, tunaanza Jumanne na kumaliza siku hiyo hiyo. Hamira tunaiweka ndani ya bahasha nene yenye ngozi ya rangi ya fedha ya kuzuia joto, pamoja na pakiti ya jeli iliyogandishwa, na kati yake tunaweka karatasi ili hamira isiguse jeli moja kwa moja. Tunamshauri kila anayeishi peke yake au anayefanya kazi za mchana aombe mzigo ushikiliwe katika ofisi ya posta ya karibu naye, au utumwe mahali pake pa kazi kama mwajiri anaruhusu. Anayeagiza pia vifaa visivyo na haraka, kama vile kimea, hopsi na chupa, asitushangae tukivituma kwa kifurushi tofauti kinachokwenda taratibu.

Mzigo ukifika, hamira iwekwe kwenye jokofu mara moja, kwenye nyuzi 1 hadi 4. Isiwekwe kwenye friza kwa nia ya kuihifadhi zaidi, kwani maji yaliyo ndani ya seli yakiganda hutengeneza chembe za barafu zinazotoboa utando wake, na hamira ya namna hiyo haiamki tena. Somo hili tulilipata kwa gharama yetu wenyewe mwaka tulipofungua duka: tulipanga vifuko hadi vikagusa ukuta wa nyuma wa jokofu letu la kwanza, ambako ubaridi ulikuwa mkali kuliko kipimajoto cha mlangoni kilivyoonyesha, na asubuhi tukavikuta vigumu kama mawe. Tulivitupa vyote. Tangu siku hiyo kipimajoto chetu kinakaa nyuma.

Kabla ya kuhifadhi, soma tarehe, na uisome kwa makini kwa sababu watengenezaji hawaandiki kwa namna moja. Wengine huchapisha siku hamira ilipofungwa, wengine huchapisha siku ambayo ni vyema itumike kabla yake, na mteja akichanganya hizo mbili anaweza kutupa hamira changa au kuamini iliyozeeka. Kifuko kilichovimba kisikutie hofu peke yake. Hamira iliyopata joto hufanya kazi kidogo na kutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo haina pa kwenda. Vifuko vya Wyeast vina kijifuko cha virutubisho ndani yake, ambacho mtumiaji hukipasua kwa kukipiga kwa kiganja saa chache kabla ya kupika. Wakati mwingine hupasuka chenyewe njiani, kifuko kikaja kimetuna kama mto. Hiyo ni dalili kwamba kuna kilicho hai ndani, ila inakubidi uitumie mapema.

Tunakuja kwenye kianzio, yaani maji kidogo ya kimea ya kuamshia na kuongezea hamira kabla ya siku ya kupika, ambacho kwa maoni yetu kingepaswa kuchukuliwa kuwa sehemu ya upishi wenyewe kwa kila anayetumia hamira ya maji. Siku mbili kabla ya kupika bia, chukua lita 2 za maji na gramu 200 za kimea cha unga (maji ya kimea yaliyokaushwa, si nafaka iliyosagwa), yaani gramu 100 kwa kila lita, chemsha kwa dakika 10 hadi 15, tia chembe ya virutubisho vya hamira kama unavyo, kisha poza sufuria katika beseni la maji ya barafu hadi ifikie joto la chumba. Mimina katika chupa kubwa ya kioo au mtungi uliosafishwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu, tikisa kwa nguvu ili maji yanywe hewa, kisha tia hamira. Funika mdomo kwa karatasi ya alumini bila kukaza, kwa kuwa hewa ya kaboni lazima itoke na oksijeni iingie. Mwenye mashine ya kukoroga kwa sumaku aiwashe na kuiacha. Asiye nayo aipitie chupa na kuitikisa kila anapokumbuka, na matokeo yatakuwa mazuri ingawa seli zitakuwa chache kidogo. Usitumie sukari ya mezani badala ya kimea, kwa sababu hamira iliyozoeshwa sukari nyepesi inaweza kuwa mvivu wa kuila maltosi, sukari ya kimea, itakapoikuta katika bia.

Baada ya saa 24 hadi 36 maji yatakuwa yamegeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na chupa ikitulia utaona tabaka zito la rangi ya krimu chini yake. Mtu anayepika laga, au asiyependa kumimina lita 2 za bia isiyo na ladha ndani ya bia yake, aiweke chupa kwenye jokofu usiku mmoja, amwage maji ya juu na kutumia tope la chini. Povu si kipimo cha kuaminika, kwa kuwa linaweza kupanda na kushuka usiku ukiwa umelala. Kipimo ni lile tabaka, pamoja na hidromita ukitaka uhakika.

Hamira iliyokufa kweli ina dalili zake. Rangi yake huelekea kahawia, harufu yake ni ya nyama iliyochina au mpira ulioungua, na ikiwekwa kwenye kianzio hidromita haisogei hata baada ya siku mbili. Hapa dukani tuna hadubini na rangi ya methilini ya buluu, ambayo seli iliyo hai huiondoa rangi na iliyokufa hubaki ya buluu, na mteja wa hapa mjini akituletea kifuko anachokitilia shaka tutakipima mbele yake bila malipo.

Kuna wakati ambapo tutakushauri usinunue bidhaa hii kabisa, na tunalisema hili huku tukijua linapunguza mauzo. Anayepika eli ya kawaida mwezi wa Agosti, anayeishi mbali na ambaye hawezi kuupokea mzigo mwenyewe, atapata bia nzuri zaidi kwa hamira kavu, ambayo haitaki kianzio na haisumbuliwi na siku chache za joto. Asiye na njia ya kupoza ndoo yake anaweza kujaribu kveik, hamira ya mashambani ya Norwe, ambayo wenyeji waliikausha na kuitunza kizazi hadi kizazi, na ambayo baadhi ya aina zake huchachusha kwa raha hata karibu na nyuzi 40.

Kuhusu malalamiko, utaratibu wetu ni huu. Mzigo ukifika na shaka, piga picha ya tarehe ya kifuko, kiweke kwenye jokofu, kisha kifanyie kianzio ndani ya wiki moja. Saa 48 zikipita bila hidromita kushuka, tutumie picha hiyo pamoja na vipimo viwili, cha mwanzo na cha mwisho, nasi tutakutumia kifuko kingine Jumatatu inayofuata au kukurudishia pesa, kwa chaguo lako. Gramu 200 za kimea ulizozitumia kwenye jaribio tutazifidia pia.