Bomba limepasuka na fundi yuko mbali: namna ya kuzuia maji kwa muda

Simu nyingi tunazopokea usiku huanza hivi: "Fundi, bomba limepasuka, nimeshafunga pale kwenye mita lakini maji hayakati." Mteja anasema kweli, amefunga. Tatizo ni kwamba amefunga njia ambayo haihusiki na bomba linalovuja.

Nyumba nyingi za hapa Dar es Salaam zina njia mbili za maji. Ya kwanza inatoka kwa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, inapita kwenye mita na kuingia kwenye tangi la chini, au moja kwa moja kwenye simtanki kama presha inatosha. Ya pili inaanzia kwenye simtanki lililo juu ya mnara na kushuka hadi bafuni, chooni na jikoni. Ukifunga koki ya mita, umezuia maji yanayokuja. Lita 2,000 zilizoko juu ya mnara hazijui habari hiyo, zitaendelea kushuka na kutokea kwenye ule ufa mpaka tangi likauke. Kwa hiyo bomba la bafuni likipasuka, mahali pa kukimbilia ni valvu iliyo chini ya tangi, pale bomba linapotokea. Kama kuna pampu ya kupandisha maji, izime pia, maana ikiona tangi limepungua itaendelea kulijaza.

Bomba la nje, lile la bustanini au la kufulia, kwa nyumba nyingi limeunganishwa moja kwa moja na laini ya DAWASA. Hilo ndilo la kufunga kwenye mita. Na kuna nyumba ambazo sinki la jikoni lina maji ya pande zote mbili. Usibahatishe: funga valvu ya tangi, subiri dakika chache bomba limwage maji yaliyobaki ndani, halafu tazama. Yakiendelea kwa nguvu ileile, nenda kafunge ya mita.

Kama maji yanatoka upande wa barabarani, kabla hayajafika kwenye mita, hilo si bomba lako. Piga simu DAWASA. Usikate wala usifukue, na fundi yeyote wa mtaani akikwambia atalimaliza haraka, mkatalie.

Tunakuomba jambo moja ufanye leo, wakati nyumba iko kavu. Nenda ukazitafute valvu zako na uzijaribu. Valvu ya gurudumu ambayo haijaguswa miaka mitatu hukwama kwa kutu na chumvi, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi. Ikiwa imekwama, usiikaze kwa spana kubwa ya bomba. Mhimili wake utakatika ndani na hapo utakuwa na matatizo mawili. Izungushe kidogo kwenda, kidogo kurudi, taratibu, mpaka ilegee. Ukiifungua mpaka mwisho, irudishe robo mzunguko ili isinate tena. Zile za mpini ni rahisi zaidi: mpini ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikaa kukatiza bomba, yamefungwa.

Umeme kwanza

Kabla ya kushika bomba, inua macho. Maji yanadondokea soketi? Yanatoka kwenye tundu la taa ya dari? Kama meni swichi iko mahali pakavu na wewe umesimama pakavu, zima. Kama yenyewe imelowa au sakafu unayopita imejaa maji, usiiguse, toa watu nje na umwite fundi umeme au TANESCO. Kama una hita ya maji ya tangi, izime pia, kwa sababu ukimwaga maji ya mabomba hita inaweza kubaki tupu, na ikiwaka bila maji inaungua.

Dari ya gipsamu iliyovimba imebeba maji. Umeme ukishazimwa, weka ndoo chini, simama pembeni, kisha toboa tundu dogo kwa bisibisi kwenye ule uvimbe. Ni afadhali tundu moja la kuziba kuliko dari nzima kuanguka juu ya kitanda cha mtoto.

Kufunga bomba kwa tyubu ya baiskeli

Hii ndiyo njia tunayowashauri wateja wetu mara nyingi zaidi, kwa sababu tyubu ya baiskeli iliyochakaa inapatikana kila mtaa kwa fundi baiskeli, na inafanya kazi kwenye bomba la aina yoyote. Haigandi kama gundi, inabana. Ndiyo maana haichagui kama bomba ni la plastiki au la chuma.

Maji yakishafungwa, fungua bomba lililo chini kuliko yote ndani ya nyumba yatoke yaliyobaki. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa raba inateleza. Futa bomba kwa kitambaa mpaka likauke. Kata tyubu kwa urefu upate ukanda wa upana wa vidole viwili, urefu wa mkono mzima. Anza kufunga mbali kidogo na ufa, kama upana wa kiganja. Hapo pa kuanzia, mzunguko wa pili uulalie wa kwanza ili uushike. Sasa vuta. Vuta raba mpaka uione imekonda, na kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia. Ukifika juu ya ufa, vuta zaidi. Pita upande wa pili upana uleule wa kiganja, kisha rudi ulikoanzia ukiendelea kuvuta, ufunge fundo.

Juu ya raba, mahali penye ufa, zungusha waya mwembamba wa kufungia nondo, mizunguko kadhaa iliyokaribiana, na uusokote kwa plaizi mpaka raba ianze kuvimba kidogo pembeni mwa waya. Ukiwa na klipu ya chuma ya kukazia mpira ni bora zaidi. Usiende kung'oa ile ya mpira wa gesi jikoni. Hiyo iache ilipo, gesi ikivuja ni hatari kuliko maji.

Sasa fungua valvu robo tu, usubiri, uguse kiungo kwa kidole kikavu. Kikibaki kikavu, ongeza kidogo. Usifungue kwa nguvu mara moja, maana hewa iliyoingia kwenye bomba hugonga pamoja na maji na inaweza kung'oa ulichofunga.

Presha ndiyo inayoamua kazi hii itadumu kiasi gani. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya takriban bar 1. Tangi lililo kwenye mnara wa mita 6 linakupa bar 0.6 hivi kwenye bomba la chini, na raba iliyovutwa vizuri inaistahimili mpaka fundi afike. Laini ya DAWASA inaweza kuwa na nguvu mara kadhaa ya hiyo, hasa usiku ambapo watu wengi wamefunga mabomba yao, na hasa kwa nyumba zilizo mabondeni. Kwa hiyo kama ufa uko kwenye laini hiyo, funga raba, tumia maji unayohitaji, kisha funga valvu kabla ya kulala. Siku maji ya mgawo yanaporudi ndiyo siku yenye simu nyingi kwetu; hewa iliyokaa ndani ya mabomba hupigwa na maji na viungo dhaifu huachia.

Kila bomba na tabia yake

Bomba la chuma la zamani, lenye tundu dogo linalorusha uzi mmoja wa maji, lina dawa yake. Chonga kijiti, au tumia ncha ya kijiti cha meno, ukisukume ndani ya tundu na ukivunje usawa wa bomba. Mti ukilowa unavimba na kuziba. Kisha funga raba juu. Lakini usikwangue kutu kwa kisu "ili uone vizuri", na usilizungushe bomba hilo kwa spana. Penye tundu moja la kutu, kuta za jirani nazo zimeshakuwa nyembamba, na tumeona tundu la sindano likigeuka ufa wa kidole kwa sababu ya kukwangua tu.

PPR, yale mabomba magumu ya plastiki ambayo fundi huyaunganisha kwa mashine ya moto, hayapokei gundi. Gundi ya PVC haiyashiki, supagluu haiyashiki, na putty nyingi za dukani, yaani udongo wa kuzibia, zikikauka hubanduka kama ganda. Yanaungwa kwa joto la nyuzi 260 hivi, basi. Kwa PPR ni raba na waya, au ni kufunga maji.

Bomba jeusi la roli, lile linalouzwa likiwa limeviringishwa, likivuja kwenye kiungo, jaribu kukaza nati yake kwa mkono kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi imelegea tu.

PVC inakubali gundi, lakini bomba lazima liwe kavu kabisa na gundi ipewe muda wa kushika. Kupaka gundi juu ya ufa unaotoa maji ni kutupa hela. Na ile tepu nyeupe nyembamba: kazi yake ni ndani ya uzi wa kiungo, kabla ya kufunga. Kuizungusha nje ya kiungo kinachovuja hakuzuii chochote, hata ukimaliza roli nzima.

Ule mpira wa kuunganisha choo au sinki, tunaouita fleksibo, ndio unaoongoza kwa kufurisha nyumba wakati wenyewe wako kazini. Nati yake ya plastiki hupasuka, au nyuzi za chuma za nje huoza na mpira wa ndani kuachia. Usihangaike kuufunga. Funga koki ndogo iliyo ukutani, choo umwagie maji kwa ndoo, na maji yanaendelea kwingine kote ndani ya nyumba. Kama ukutani hakuna koki hiyo, funga kwanza valvu ya laini hiyo, fungua fleksibo na uweke plagi, yaani kizibo cha bomba, ya nusu inchi yenye tepu. Plagi ni kitu kidogo cha bei ndogo; nunua mbili uziweke kwenye droo pamoja na tyubu, waya na plaizi.

Simtanki likimwagika juu usiku kucha, kosa huwa kwenye boya. Weka ubao kukatiza mdomo wa tangi, ufunge kamba kwenye mkono wa boya na uuvute juu mpaka maji yakate. Atakayepanda mnara asipande peke yake, na asipande gizani.

Maji yaliyo ndani ya ukuta hayana cha kufunga. Ukiona rangi inavimba au saruji imelowa, funga valvu na uwe unafungua kwa vipindi, mathalani saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni, watu wajaze ndoo, kisha unafunga tena. Tafadhali usipake saruji juu ya palipolowa. Maji hayataacha, yatahamia pengine, na sisi tukija tutalazimika kubomoa eneo kubwa zaidi kulitafuta bomba.

Kwa nini usikae na kiraka mwezi mzima

Tega ndoo ya lita 20 chini ya mvujo. Ikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 480 kwa siku, yaani uniti moja ya maji kila baada ya siku mbili na kidogo, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Mvujo usiouona unaupata kwenye mita: funga mabomba yote usiku pamoja na koki inayojaza tangi, andika namba, soma tena asubuhi kabla mtu hajanawa. Namba zikiwa zimesogea, maji yanapotea kati ya mita na tangi. Kwa upande wa tangi, weka alama ya kimo cha maji jioni ileile na uitazame asubuhi.

Raba nayo huchoka, waya hushika kutu. Tunaichukulia kuwa kazi ya siku moja au mbili, na tunapanga safari zetu tukijua hivyo. Mteja aliyekwishazuia maji tunaweza kumwambia tutafika asubuhi. Ambaye maji yanamwagika na valvu haifungi tunamfuata kwanza.

Ukitupigia, tutumie picha mbili kwa WhatsApp, moja ya karibu na nyingine inayoonyesha bomba linatoka wapi na kwenda wapi. Tueleze kama ni chuma, PPR, PVC au roli, kama ni laini ya tangi au ya DAWASA, na umefunga valvu ipi. Kama kuna maandishi kwenye bomba, piga picha na hayo, kwani ndiyo yanayotuambia kipimo, na fundi atatoka na soketi sahihi ya kuungia bomba badala ya kuja kupima na kurudi dukani kwa gharama yako. Ulichofunga usikifungue kabla hatujafika. Tutakikata sisi wenyewe, na kipande cha bomba tutakachokitoa tutakuachia ukione.