Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Benzi za Zamani kwa Matembezi ya Kila Siku

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka aeleze chama kimefanya nini. Mahesabu atayasoma mhazini, na kwa kuwa amekwisha nionya nisiguse eneo lake, mimi nabaki kwenye magari.

Wengi wetu hapa Arusha na Moshi tunaendesha W123, Benzi iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1985, au mdogo wake aliyeirithi, W124. Wachache wana W126, ile kubwa ya kifahari, na hao tunawaombea. Sisi si watu wa maonyesho. Gari lisiloweza kupeleka watoto shule asubuhi, au kupanda Marangu kwenye msiba na kina mama watatu kiti cha nyuma, kwa chama hiki hilo ni pambo.

Nianze na ununuzi, maana ndiko simu nyingi zinakotoka. Mtu anaona gari jeupe linang'aa, anamlipa dalali, halafu ndipo ananipigia. Ndugu zangu, nipigieni kabla. Kagua kutu kwanza, injini baadaye. Injini ya dizeli ya W123 ukiifanyia ovahoo inarudi kazini. Bodi iliyoliwa utaimaliza kwa kuchomelea mpaka uchoke. Toa betri utazame chini ya trei yake. Inua zulia la buti, angalia mashimo ya pembeni. Pitisha kidole kwenye matundu ya jeki, kisha kona za chini za kioo cha mbele. Sumaku ndogo ya mfukoni inatosha kumuumbua aliyejaza puti: kwenye bati inanasa, kwenye puti inaanguka. Gari lililoishi Tanga au Dar es Salaam limevuta hewa ya chumvi, likaguliwe mara mbili.

Halafu karatasi. Namba ya chesesi na ya injini zilingane na kadi, na mwenye jina kwenye kadi awe hai na awe tayari kusaini. Tunaye mwenzetu anayeendesha gari la marehemu ambaye warithi wake hawasalimiani. Analipenda, lakini hawezi kulihamisha wala kuliuza.

Wanaouliza habari za kuagiza nje: sheria yetu haikatazi gari kwa umri, si kama Kenya wanaokomea miaka 8. Lakini kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari la kutembelea lililozidi miaka 10. Na za Japani nyingi zina usukani wa kushoto, maana kule mwenye Benzi alitaka ajulikane ana gari la Ulaya. Tafuteni lililokwisha kuwepo nchini.

Kilichotusumbua kuliko vyote mwaka huu ni joto. Mwanachama wa Moshi alikuwa na 240D, W123 ya dizeli, inayochemsha kila anapopanda kuja Arusha, na mara nyingi ilianzia pale anapoutoka mto Kikafu. Alibadilisha rejeta. Akabadilisha pampu ya maji. Silinda hedi ikafunguliwa, gasketi ikawekwa mpya, gari likaendelea kuchemsha. Siku ya mafunzo tuliifungua nyumba ya thamostati, ile valvu inayoongoza maji ya kupoza kufuatana na joto, mbele ya wote: tupu. Fundi wa zamani aliitoa ili, kwa maneno yake, maji yapite bila kizuizi. Tabia hii imeenea kwenye gereji zetu, na kuna magari yanayoivumilia. Injini hizi haziivumilii. Thamostati yake ina kisahani kwa chini. Injini ikipata moto, kisahani kile kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, nayo maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengi yanazunguka humo humo yakiwa ya moto. Yaani kadiri unavyotaka kuipoza ndivyo unavyoichemsha. Tuliweka thamostati mpya, tukajaza kulanti, yaani maji ya dawa ya kupozea, jamaa akapanda mpaka Usa River mshale ukiwa umekaa jirani na 80. Yule aliyemuuzia rejeta simtaji.

Kuhusu kulanti, tafadhali. Maji ya bomba ya kwetu yamekwisha andika kwenye meno ya wenyeji wa Arusha. Sioni sababu ya kuyapa na silinda hedi.

La pili ni kuwaka asubuhi. Kila Juni na Julai baridi ikishuka, kundi letu la WhatsApp linajaa lawama za hita plagi, zile zinazopasha moto silinda ili dizeli iwake. Kweli, kwenye dizeli zilizotengenezwa kabla ya 1980 hivi hita plagi zimeungwa kwa mfuatano, moja ikifa zote zimelala. Lakini mara nyingi kosa ni valvu. Dizeli za W123 hazijirekebishi zenyewe; valvu zinatakiwa kupimwa kila kilomita 24,000 hivi, injini ikiwa baridi: mwanya wa milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza hewa, 0.30 kwa za kutolea moshi. Zikibana, mgandamizo unapungua, na hata ubadilishe hita plagi zote utaamsha majirani tu. Ni kazi ya asubuhi moja, spana za 14 na fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya. Nashangaa mtu analipia rangi mpya wakati hajui mara ya mwisho valvu zake zilipimwa lini.

Dizeli nunueni kwenye vituo mnavyovifahamu. Tangu kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka 2011, faida ya kuchakachua ilipungua sana, lakini mafuta ya mapipa kando ya barabara bado yapo, na pampu ya nozeli inalainishwa na dizeli ile ile inayoisukuma. Ukiipa mafuta ya taa unaisaga.

Mama mmoja, mwanachama wetu wa Njiro, alizima 300D yake nje ya kanisa, akatoa ufunguo, gari likaendelea kunguruma. Watu wakaanza kukemea. Alitulia, akafungua boneti, akabonyeza kile kiwenzo chenye neno STOP pembeni ya injini, likazima, akaingia ibadani. Kwa wageni: dizeli hizi huzimwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye vibomba vyembamba kutoka kwenye swichi hadi kwenye pampu. Hewa ikivuja, hata kwenye kufuli ya mlango wa nyuma, injini inakataa kuzima. Kuchomoa betri hakusaidii kitu. Kila mwanachama akijue kiwenzo hicho kilipo kabla hajakihitaji.

Wenye W124 za kati ya 1992 na 1995, kagueni waya za injini. Ganda lake lilitengenezwa la kuoza, na linaoza kweli. Fundi umeme akikuzungushia selotepu mfukuze.

Spea: tuliagiza kwa pamoja kupitia Nairobi, barabara ya Kirinyaga, na nyingine Dar es Salaam, Shaurimoyo. Kununua kwa pamoja kumetupa bei nzuri na kumetupunguzia filta feki. Mzigo wa Namanga ulipiwe ushuru. Chama hakitamtetea anayeficha pampu chini ya viazi.

Limebaki suala lililogawa kamati, la Benzi zilizotiwa injini za Toyota, zile 2L na 3L. Ninaelewa kinachowafikisha huko. Nozeli ni ghali, na fundi wa Toyota yupo kila kona ya Unga Limited. Lakini gari likishabadilishwa, propela, vishikio vya injini na mfumo wa mvuto wa breki vyote vimebuniwa kienyeji, na likiharibika hakuna kitabu cha kurejea. Tena wengi hawajabadilisha namba ya injini kwenye kadi, na hilo ni kosa mbele ya trafiki na mbele ya bima. Kuna wajumbe wanaotaka wafukuzwe. Mimi sikubali, hao ni wenzetu na michango wanatoa. Pendekezo langu ni kwamba wabaki na haki zote, ila wasipewe spea za injini kutoka stoo ya chama, na kila mmoja alete kadi iliyorekebishwa ndani ya miezi sita. Mtapiga kura baada ya mhazini kumaliza.

Mafunzo yajayo ni ya kupima valvu, yatafanyika Moshi ili wenzetu wa huko wasisafiri kila mara. Gari lilale pale pale tangu usiku ili injini iwe baridi. Fila geji za chama ni mbili tu, mwenye yake aje nayo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti