Shukrani zetu baada ya kumzika binti yetu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Sisi wazazi, bibi na kaka zake tunawashukuru wote mliosimama na sisi tangu binti yetu alivyoanza kuugua saratani ya damu mpaka tulivyompumzisha. Ni Mungu tu katuvusha, nguvu zetu ziliisha mapema.

Zile wiki za mwisho ndo zilitumaliza, mishipa ilikuwa haionekani tena, nesi anatafuta pa kuchoma mkononi anakosa anahamia mguuni, na mtoto anatuuliza eti mimi nimemkosea nini Mungu. Mtoto wa darasa la pili jamani. Baba yake akatoka nje, nikabaki mimi mama yake na sina la kumjibu. Halafu akaja mtu, hatumtaji na tumeshamsamehe, akatuambia pale koridoni tujichunguze, kuna dhambi imejificha ndani ya nyumba yetu.

Kwahiyo mchungaji wetu, wewe tunakushukuru kipekee. Ulifika usiku, hukuhubiri, ukakaa umeshika mguu wa mtoto, na tulipokuuliza kwanini yeye ukasema sijui, ukalia na sisi. Kesho yake ndo ukatusomea Yohana 9, wanafunzi wanataka kujua nani katenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, na Yesu anasema si yeye wala wazazi wake. Ukaongeza na Luka 13, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kwamba hawakuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Ulitutua mzigo ambao hata hatukuwa tunausema. (Rafiki zake Ayubu nao siku 7 walizokaa kimya walifariji vizuri tu, shida ilianza walipofungua midomo.)

Nesi wa zamu ya usiku uliyekuwa unamwimbia kila ukibadilisha dripu, alikuwa anakusubiri wewe ndo alale. Jirani uliyekuwa unachukua mashuka yetu machafu bila kuulizwa na kuyarudisha yamepigwa pasi, Mungu akuone.

Tunawashukuru pia madaktari, mliojitolea damu, kwaya, akina mama wa maombi, walimu na wanafunzi wenzake, wafanyakazi wenzake na baba, mliotuma michango kwa simu, mliopika, mliochimba kaburi, mliobeba viti, mliosafiri kutoka mbali na mlioomba kimyakimya.

Tusameheni sana ambao hatujawataja, tusameheni mno, daftari la michango lilijaa na mengine tuliandika huku tunalia, hata wenyewe hatuyasomi. Na mliopiga simu hatukupokea, msichukulie vibaya.

Kwanini yeye, bado tunamuuliza Mungu, tena kwa sauti. Yesu mwenyewe msalabani aliuliza mbona umeniacha, kwahiyo anayetuambia tumepungukiwa imani atuache kidogo.

Ibada ya shukrani ni Jumapili hii kanisani kwetu, karibuni wote. Vyombo vya watu bado viko nyumbani, mkipita mchague vyenu.