Mgonjwa ni mmoja, ofisi ni nne

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa afya na ustawi wa jamii wa Mkoa wa Tanga, pamoja na madiwani wetu, kuhusu watu wazima wasio na kipato wanaoruhusiwa hospitalini na kurudi mitaani bila mtu yeyote kuambiwa kwamba wamerudi.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Makorora. Mwaka jana jirani yetu mmoja, mchukuzi wa mizigo mwenye miaka hamsini na kitu, alipata kiharusi. Hospitali aliyopelekwa ilimtibu vizuri na kuokoa maisha yake, hilo nalisema wazi. Siku ya kuruhusiwa alipewa karatasi yake, vidonge vya presha vya wiki mbili na tarehe ya kliniki, mpira wa mkojo ukiwa bado umewekwa. Bajaji ikamshusha mlangoni pa chumba alichopanga. Upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, mke hana, mtoto wake wa pekee yuko Mtwara. Nani angempikia uji? Nani angembadilishia ule mpira? Nauli ya kwenda mazoezi ya viungo ingetoka wapi? Zahanati ya karibu haikuwa na habari zake. Mtendaji wa mtaa hakujua. Afisa ustawi wa jamii alipata habari kutoka kwetu majirani, wakati vidonda vya kulalia vimeshafika mfupani. Akarudishwa wodini, akakaa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Dawa, bandeji na kitanda cha safari hiyo ya pili vyote viligharimu fedha za umma ambazo simu moja ingeweza kuziokoa.

Sisemi kuna mtu alikuwa mzembe. Kila ofisi ilitimiza sehemu yake, na hapo ndipo tatizo lilipo. Hospitali inatibu. Zahanati iko chini ya halmashauri. Ustawi wa jamii tangu Januari 2022 una wizara yake, baada ya Maendeleo ya Jamii kutenganishwa na Afya. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo ina orodha yake ya kaya hizo na utaratibu wake wa malipo. Mgonjwa ni yule yule mmoja, lakini katika ofisi hizi nne hakuna hata moja iliyopewa kazi ya kumfuata kutoka kitandani hadi nyumbani. Kazi hiyo imeachiwa ndugu. Mtu yeyote aliyewahi kulaza mgonjwa anajua kwamba wodi zetu zinaendeshwa kwa kutegemea ndugu: ndiye analeta chakula, ndiye anafua mashuka, ndiye anatumwa dawa isiyokuwepo dirishani. Asiye na ndugu hupungukiwa tangu akiwa wodini.

Na hapa Tanga watu wa namna hiyo tunao wengi, kwa sababu inayojulikana. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba yalitegemea manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotolewa mbali: Kigoma, Njombe, Songea, hata Burundi na Msumbiji. Mji wetu unasifiwa kwa msemo wa "waja leo waondoka leo", lakini wengi wa hao hawakuondoka. Bei ya mkonge ilipoporomoka na mashamba kufungwa, walibaki kambini au wakahamia mjini kufanya vibarua. Wapo wazee wao, na wapo watoto waliozaliwa kambini ambao sasa ni watu wa makamo, wasio na ukoo huku wala huko walikotoka baba zao.

Hao wa makamo ndio wananiumiza zaidi. Msamaha wa matibabu unawataja watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye baadhi ya magonjwa sugu. Kibarua wa miaka 52 aliyepooza au aliyekatwa mguu anabaki kuthibitisha umaskini wake dirisha kwa dirisha, kwa barua ya mtendaji, wakati kutembea kwenyewe hawezi.

Najua nitajibiwa kwamba Bima ya Afya kwa Wote imekuja. Sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kadi inalipa bili ya hospitali. Kadi haimgeuzi mtu kitandani, wala haimpandishi bajaji, wala haimwambii mwenye nyumba asubiri kodi.

Kumfuata mgonjwa hadi nyumbani si jambo geni kwetu. Mgonjwa wa kifua kikuu akikosa kuchukua dawa, kuna mtu wa kumtafuta. Kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi kuna watoa huduma wa jamii wenye namba za simu na ramani ya mitaa kichwani, wanaobisha hodi hadi nyumba za uani. Nimefanya kazi nao, nimeona watu waliokata tamaa wakirudishwa kwenye tiba. Kiharusi, presha na kisukari vinastahili ufuatiliaji ule ule. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo. Kinachokosekana ni taarifa ya kuwafikia kabla mgonjwa hajatoka getini.

Ombi langu la kwanza, na kama litatekelezwa moja tu basi liwe hili: mgonjwa asiye na ndugu asiruhusiwe mpaka afisa ustawi wa hospitali azungumze na mtu mmoja wa kata anakokwenda, na jina na simu ya mtu huyo viandikwe kwenye faili. Kwa anayerudi Kilindi au milimani Lushoto, hili ni la lazima zaidi kuliko kwetu mjini. Pia mwenye kaya iliyokwisha kuhakikiwa na TASAF asitakiwe kuthibitisha umaskini wake upya hospitalini. Na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo tayari inakutana, iulize kila kikao: wangapi wamerudi kutoka hospitali, na nani anawaangalia?

Maafisa ustawi ni wachache, hilo nalijua, na wengine hawana hata pikipiki. Waongezwe. Lakini mitaani nako tujitazame. Mtu akifa Makorora, mchango wa sanda unakamilika kabla ya adhuhuri. Mchango wa nauli ya kliniki hatujauanzisha.

Wauguzi wastaafu tupo, Ngamiani, Chumbageni, Pongwe. Kubadilisha bandeji na kumgeuza mgonjwa hatujasahau. Halmashauri ikituita na kutupa orodha, tutakwenda.

Muuguzi mstaafu,
Makorora, Tanga